Kitanda cha Juu

Dada yangu Zena,

Sijui watu wa huko uliko husalimiwaje, kwa hivyo naanza na salamu yako mwenyewe, ile uliyokuwa ukinirekodia kwenye simu kila asubuhi: "We mtoto, umekula?" Nimekula. Wali wa jana na kachumbari, nimekula nimesimama jikoni kwa madam, hapa Jumeirah Village Circle. Watoto wamelala, mashine inafua, nami nimepata nafasi. Barua hii haina pa kwenda. Akinyi, yule rafiki yako wa Satwa, amenishauri niiweke wazi kwenye kundi letu la wafanyakazi wa Ghuba, asome atakaye, maana huenda yuko mwingine mwenye mama kama wetu. Wewe ungenikataza. Ulikuwa mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Basi leo nalifunua, unisamehe.

Nimekuwa nikiikumbuka ngazi. Ile ya mbao pale jikoni kwetu Msambweni, ya kupandia darini mama anakoweka masufuria ya shughuli. Kila mama akikutuma, ulinigeukia mimi: "Panda wewe, nitakushikia." Ulikuwa mkubwa wangu, ulikuwa ukigombana na wavulana wa mtaa mzima na hakuna aliyekuweza, lakini ukishainua mguu wa pili kutoka ardhini midomo ilianza kukutetemeka. Mama alikucheka hadi akakaa chini. "Huyu akiolewa ghorofani, mume atalala peke yake!" Nasi tulicheka, na wewe ukacheka, huku umeing'ang'ania ngazi kwa mikono yote miwili, mimi niko juu nimekumbatia sufuria. Siku uliyosafiri tuliihofia ndege kuliko tulivyoihofia Dubai yenyewe. Uliniambia baadaye kwamba ulifumba macho tangu Mombasa, hata mhudumu wa ndege akakuletea maji na mfuko wa kutapikia, akidhani una mimba.

Asubuhi hiyo mama alikuwa amekata doti mpya ya leso, nyekundu yenye maua ya njano na pindo jeusi. Kipande kimoja alikufunga kiunoni juu ya buibui lako, mbele ya watu, akakikaza vizuri. Cha pili alikirudisha kabatini. "Ukirudi tutavaa sare," alisema. Mama si mtu wa kulia kwenye gari la watu.

Kisha zikaanza picha. Wenye kazi hii wanajua zinavyopigwa. Madam akishatoka na dereva, unafuta mikono, unavua aproni, unakaa kwenye kochi usiloruhusiwa kulikalia, na simu unaiegemeza kwenye kikombe. Ile nyumba ya Mirdif ilikuwa na taa za kuning'inia kama za harusi na ngazi za marumaru. Ulipiga kwenye kochi, ukapiga kwenye ngazi, umesimama kidato cha kwanza kabisa, ukitabasamu kana kwamba umeteremka sasa hivi kutoka chumbani kwako. Mimi nilijua kwamba ukipanda cha pili ungeshika ukuta. Mama hakuliona hilo. Picha ile ya ngazi aliipeleka mjini ikachapwa kubwa, akaitia fremu, akaitundika sebuleni, na mgeni akiingia alionyeshwa picha kwanza ndipo apewe maji. "Nyumba ya Zena hiyo," alikuwa akisema.

Hakuna picha ya chumba cha kufulia ulimolala, katikati ya mashine na beseni. Hakuna ya mkono wako ulioungua kwa pasi, ukaambiwa "yalla, maliza kanzu za sir kwanza," ukazimaliza. Hakuna ya dada yake madam aliyekuazima kwa usafi wa kwake, wala ya mama yake madam aliyekuazima kutoka kwa huyo dada, ukizunguka nyumba za ukoo mzima kama sufuria ya shughuli. Ukiomba likizo uje kumwona mama, ulijibiwa, "Baada ya Ramadhani, inshallah." Ramadhani ilikuja, ikaenda, ikaja nyingine, na hukuambiwa ni ipi.

Ulipotoka, ulitoka na mfuko wa taka. Siku ile uliponisimulia ulicheka mpaka ukakohoa, nami nilikuwa nimeshafika hapa kwa familia hii, nikakusikiliza nimekaa juu ya ndoo. Kazi yako ya kila alasiri ilikuwa kupeleka taka kwenye pipa nje ya lango. Siku hiyo ndani ya mfuko mweusi mlikuwa na nguo zako na leso ya mama, na juu ukamwaga maganda ya vitunguu, ili atakayechungulia aone maganda. Ulivaa aproni na ndara. Dereva alikuwa anaosha gari, akakuambia usiende mikono mitupu, chukua na hizi za garini. Ukazichukua! Ukalipita pipa, ukatembea mpaka barabara kubwa, umeshika mfuko wako huku na taka za gari la watu huku. Pasipoti ilibaki kwa kafeel, mdhamini wa viza yako, na tangu hapo ukawa mtu wa kutafutwa.

Satwa ulipata kitanda katika chumba cha wanawake wengi, vile vitanda vya chuma vya ghorofa, kila mtu na pazia lake. Kilichokuwa wazi kilikuwa cha juu. Mimi sikuamini ulipokikubali. Ijumaa yangu ya mapumziko nilikuja kukuona, nikakukuta umeikata leso ya mama ncha, umeipitisha waya na vipete, umeifanya pazia. Ulipanda kunionyesha, umefumba macho, Akinyi akikusukuma mgongo kutoka chini. "Panda mum, panda tu, usicheki huku chini!" Huyo Akinyi, askari wa geti huko Jebel Ali, mkubwa wa mwili na mwepesi wa kicheko, ndiye aliyelala cha chini yako. Tulikaa juu kule mimi na wewe, vichwa tumeviinamisha kwa ajili ya dari, tukala mahamri. Ndipo uliponishika goti ukasema, "Mama asijue. Hata siku moja. Ile picha ndiyo inayompa usingizi." Nikakuahidi.

Kifua kilikuanza polepole. Ulikuwa ukisafisha ofisi za watu kwa kujificha, na zile dawa za vyoo na baridi ya viyoyozi ndivyo vilivyokumaliza, au labda ni kitu kingine, sijui, hakuna daktari aliyekupima mapema akatuambia. Akinyi alinisimulia baadaye: "Nilimwambia twende hosi. Akakataa. Akasema akifika huko wataitisha kitambulisho, halafu wamshike. Nikamwambia si afadhali ushikwe ukiwa mzima?" Hukukubali. Siku walipokuteremsha kitandani kukupeleka kwa nguvu, hukufumba macho. Akinyi anasema uliangalia chini vizuri kabisa, na hapo ndipo yeye alipojua.

Nilikuosha mimi, dada. Nilisaidiana na akina mama wawili wa Kiunguja waliozoea kazi hiyo, wakinielekeza taratibu, "Anza huku mwanangu, mwagia pole." Kovu la pasi lilikuwa pale pale. Waliokubeba ni wanaume wa pwani wenye maduka Deira, hakuna aliyekujua, walisikia tu kuna binti wa kwetu hana watu. Mola awalipe. Kaburi lako ni mchanga na jiwe, liko katika safu ndefu ya mchanga na mawe.

Nikampigia mama. Alisikiliza habari ya kifua na ya kaburi, kisha akauliza, "Ulimwosha wewe?"

"Mimi, mama."

"Maiti hufanana, mwanangu," akasema. "Zena yuko nyumbani kwake. Wamemnyang'anya simu tu, wale matajiri."

Hakuna hitma iliyosomwa. Arobaini ilipita kama siku ya kawaida. Mjomba alileta masheikh, mama akawapa kahawa na haluwa, akawauliza habari za watoto wao, akawarudisha. Kila Idi alikununulia kitambaa, fundi akashona gauni kwa vipimo vyako vya zamani, likaenda kutundikwa kabatini. Majirani wakaanza kumhurumia kwa sauti za chini, yeye akawa anawaonyesha picha. Nilikasirika, sikufichi. Nilikuwa nikilia peke yangu Dubai, na huko nyumbani mtu anakupigia pasi nguo.

Sababu niliijua, ilikuwa imetundikwa ukutani. Mtu anayeishi penye ngazi za marumaru hafi kwa kifua kwenye chumba cha Satwa. Kumfanya mama asadiki ilinibidi nimwambie habari za mfuko na za kitanda, na hizo ndizo ulizonikataza. Nikisema, namnyang'anya binti aliyeishi kwa raha. Nikinyamaza, namwacha angojee mpaka afe. Nilikaa hapo katikati, nikila na kulala na jambo hilo.

Kiangazi hiki sir wa hapa kwangu alinichukua kwenda kwao pamoja na watoto. Unakumbuka nilikuambia yeye ni Mjerumani, kazi yake makontena ya Jebel Ali. Kwao ni Berlin, na mama yake angali hai, watoto wanamwita Oma, ndiyo nyanya kwa lugha yao. Ni kikongwe mkavu, ana mkongojo, na ukijaribu kumshika mkono kuvuka barabara anakutazama mpaka unauachia. Siku moja mvua ikinyesha alisema atampeleka Lea, mjukuu wake, akaone mahali alipokaa utotoni. Nikadhani ni nyumba yao ya zamani. Kumbe ni makumbusho.

Nchi yao iliwahi kukatwa vipande viwili, dada, kila kipande na serikali yake, hata mji wenyewe ukakatwa. Watu wa upande mmoja walikuwa wakikimbilia upande wa pili, wengi mno, mpaka ukajengwa ukuta wa kuwazuia. Majengo yale ndipo walipopokewa waliofanikiwa kuvuka. Leo wanaweka humo vitu vyao ili watu waje kutazama. Kuna karatasi walizopewa za kuzunguka nazo meza hadi meza, kwa daktari, kwa polisi, kwa wapelelezi, kila meza muhuri. Nikakumbuka tulivyozungushwa sisi, alama za vidole, damu, picha ya kifua. Na nyuma ya jengo, kwenye madirisha ya ghorofa nyingine, zilianikwa nguo za watoto. Sir aliniambia hao ni wakimbizi wa sasa. Watu wanatoka mbali kuwaona wakimbizi wa zamani, na wa leo wako dirishani wanaanika soksi.

Oma alitupeleka moja kwa moja kwenye kabati la kioo. Ndani palikuwa na kikapu cha sokoni. "Cha mama yangu," alisema, sir akinitafsiria. "Alitoka amevaa aproni, kama anakwenda sokoni mara moja. Sanduku lingetuponza kwenye treni. Viazi juu, picha ya mama yake chini ya viazi. Mimi nilishika aproni."

Nilikuwa nautazama mfuko wako wa taka, dada, nyuma ya kioo, umewashiwa taa, na watu wanausogelea kwa adabu.

Kisha tukaingia kwenye chumba kilichoachwa kama kilivyokuwa. Meza, sufuria, kabati jembamba. Na vitanda vya chuma vya ghorofa. Oma alikigusa kimoja kwa mkongojo wake. Alisema hapo ndipo walipolala, pamoja na watu wasiowajua, na kwamba mama yake akikaa hapo hapo alimwandikia dada yake aliyebaki upande wa pili kuwa wana nyumba yenye bustani. Alimtumia kahawa na chokoleti kuthibitisha. Kisha akaugua, akafa kabla hawajahama chumba kile, na dada yake hakuruhusiwa kuvuka kuja kuzika. Aliandikiwa, hakusadiki. Maisha yake yote aliamini kwamba mdogo wake yuko kwenye bustani yake, ameota kiburi, hataki tena kumwandikia.

"Ukuta ulipoanguka akaja, ameshazeeka," Oma alisema. "Neno la kwanza aliuliza, bustani iko wapi? Nikampeleka kaburini. Hakulia. Alisema jiwe lolote linaweza kuandikwa jina lolote. Nikamleta hapa. Alikipapasa kitanda hiki, akakaa, ndipo akalia."

Sikujua kama nami nalia mpaka Lea aliponivuta sketi. Sir akamchukua mtoto nje. Oma akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, nimemwacha nani, na nikamwambia, kwa changu cha kuokoteza vile vile. Nilimwambia yote, picha, mfuko, pazia, mama na magauni. Hakunipapasa bega wala kuniambia pole. Sir aliporudi, Oma alimwambia neno fupi kwa lugha yao. Sir akadhani amesikia vibaya, akamwuliza tena, Oma akalirudia kwa hasira.

"Anasema mpelekee mamako kitanda," sir akaniambia.

Tuliporudi Dubai, Ijumaa ya kwanza nilikwenda Satwa. Kitanda chako sasa kina msichana wa Kiganda na pazia lenye dubu. Akinyi aliinua godoro lake, akatoa leso imekunjwa vizuri, ina alama za kutu pale vipete vilipokuwa. "Nilijua utaikujia," alisema. Tukakaa nayo mapajani. Kisha akaanza kusema bila kunitazama: "Ningempea ya chini mimi. Kila siku nilikuwa nasema kesho nitamwambia tubadilishe. Lakini nikitoka kusimama pale getini Jebel Ali, magoti yangu..." Sikumlaumu. Nawe usimlaumu.

Nikaomba likizo, nikapewa, maana wengine hupewa. Nilimkuta mama amepungua. Picha iko ukutani, ameifuta vumbi kwa ajili yangu. Nilingoja wageni waondoke, nikamwekea leso mapajani. Aliitazama. Akapitisha kidole kwenye kutu. Akainuka, akaenda kabatini, akapita yale magauni yako yote, akarudi na kipande cha pili, akavilaza mkekani ubavu kwa ubavu. Kimoja kipya kabisa, kingine kimepauka hata maua ya njano huyaoni.

"Imetoboka," alisema.

"Ilikuwa pazia, mama."

"La nyumba ile?"

"La kitanda."

Nikamwambia. Nilivunja ahadi yako, dada, neno baada ya neno, na nilianzia chumba cha kufulia. Pasi. Kuazimwa. Mfuko wa taka na maganda ya vitunguu. Nilipofika kwenye taka za gari la watu nilidhani atacheka, kama ulivyocheka wewe. Hakucheka. Alisikiliza akiitazama picha, kidato kile cha kwanza. Nikamwambia Satwa, kikohozi, Akinyi na hosi. Nilipomaliza alikuwa akivuta nyuzi za ile ncha uliyoikata.

"Vitanda hivyo vya ghorofa," akasema. "Alilala cha chini au cha juu?"

"Cha juu, mama."

Akageuza uso kuelekea mlango wa jikoni, ngazi ilikoegemea.

"Nani alikuwa akimshikia?"

"Msichana mmoja wa Kisumu. Anaitwa Akinyi. Alikuwa akimsukuma mgongo."

"Mungu amlipe," mama alisema, na kilio kikamtoka, kile cha msibani hasa, ambacho tulikuwa tumekingoja tangu siku ile. Majirani walikuja mbio. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Walivua viatu, wakaketi, wakaanza kukulilia, kana kwamba kila mmoja alikuwa amekuwekea kilio chako kwake.

Mjomba aliwaleta tena masheikh, na safari hii walisoma wakamaliza. Akinyi aliombewa kwa jina, Mkristo wa watu, katikati ya hitma ya Waislamu. Magauni yako yamegawiwa, yamewaenea mabinti wa mtaa kuliko yangekuenea wewe. Picha mama hakuitoa. Aliniambia tu nimsaidie kuishusha, akaiweka chini sakafuni, imeegemea ukuta, karibu na anapolala.

Nimesharudi kazini. Madam anasema nimekonda. Akinyi ananiita kwake kila Ijumaa, ananipikia samaki, nami nakaa kitanda chake cha chini, cha juu sikitazami.

Jambo moja nimelibakiza. Asubuhi ya hitma ilihitajika sufuria kubwa ya pilau. Wanawake walikuwa uani wanachambua mchele, mama amelala kidogo, nikaingia jikoni peke yangu, nikaisogeza ngazi, nikapanda. Niliikumbatia sufuria, nikageuka nishuke, na kwa mazoea nikatazama chini. Hakukuwa na mtu aliyeshika.

Lala, dada. Mara hii wamekulaza chini.

Mdogo wako